Ukuta Kwanza, Rangi Baadaye: Nyumba ya Mama Kule Amani

Ndugu zangu wa Muheza na Tanga mjini wenye wazee huko milimani, haya nawaandikia ninyi hasa. Wengi wetu tukipata hela kidogo, jambo la kwanza tunalofikiria ni kumpakia mama nyumba rangi, na hesabu tunayoipiga ni ile ile ya nyumba ya Ngamiani, pale Tanga mjini: ndoo kadhaa, fundi, siku chache, kazi imekwisha. Nyumba ya mama yangu kule Amani tumeipaka mara mbili. Rangi ya kwanza haikumaliza mwaka.

Amani ipo Usambara Mashariki, mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari, na msitu umeizunguka. Mvua ya mwaka inakaribia milimita 2000. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba, na hata wakati wa kipupwe kuna ukungu na manyunyu ambayo mtu wa pwani hayahesabu kuwa ni mvua. Ukuta unayahesabu. Nguo nzito ukiianika asubuhi, jioni unaiingiza ndani bado ina unyevu. Sasa fikiria ukuta wa bloku uliolowa masika nzima. Miezi iliyo mikavu kidogo ni Januari na Februari. Wazee wa kule wanalijua hilo na kazi zao za nyumba wanazipanga hivyo.

Nyumba yetu aliijenga marehemu baba alipokuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai. Ni ya bloku za saruji, lipu nje na ndani, bati juu, na nyuma yake kuna mteremko wenye mikarafuu, migomba na mfenesi mkubwa ambao mama anaupenda kuliko kitu chochote pale nyumbani. Mdogo wangu wa kike alipoposwa, harusi ikapangwa wiki chache baada ya Idi, na mwaka ule Idi iliangukia Aprili, masika yamepamba moto. Ukoo mzima ulitaka wageni wakute nyumba inang'aa. Muuza rangi mmoja mjini akatushauri tupige rangi ya mafuta kuanzia chini mpaka usawa wa madirisha, nje na ndani, kwa kuwa mafuta hayapitishi maji. Maneno hayo yanaingia akilini, na watu wengi bado wanayaamini. Mafundi walipaka kila mvua ilipokatika, na vyumbani waliweka jiko la mkaa ili ukuta ukauke haraka. Harusi ilipendeza mno. Picha zipo.

Agosti nilipokwenda kumwona mama, ukuta wa baraza ulikuwa umejaa malengelenge, mengine madogo kama punje ya iliki, mengine yametuna upana wa kiganja. Nikabonyeza moja kwa kidole gumba. Likapasuka, yakatoka maji ya rangi ya chai, yakachuruzika mpaka sakafuni. Nyuma ya ile ngozi ya rangi lipu ilikuwa nyeusi kwa kulowa na ina unga mweupe wa chumvichumvi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mafuta kweli hayapitishi maji, na ndiyo maana maji yaliyokuwa tayari ukutani yalikosa njia ya kutoka. Ukuta unalowa kutoka chini kwenye ardhi, kutoka juu kwenye paa, na kutoka nje mvua inapopigwa na upepo. Ukiufunga kwa rangi nzito ukiwa umelowa, yale maji yatautoa huo mfuniko kwa nguvu.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa chumbani kwa mama. Nilivuta kabati nikakuta ukuta wote wa nyuma umeota kuvu nyeusi yenye manyoya, na khanga zake zinanuka uvundo. Mama ana pumu. Miezi ile alikuwa amekwenda hospitali zaidi ya kawaida, na daktari aliyemwona alimuuliza swali moja tu ambalo sisi watoto wake hatukuwahi kuliuliza: chumba unacholala kikoje? Nililia siku ile. Tulitumia kama laki tisa kuipendezesha nyumba kwa ajili ya wageni wa siku mbili, na mtu anayelala humo kila siku akapata kuvu.

Kaka zangu walitaka tununue rangi nyingine ya bei kubwa, tupige tena kabla ya vuli. Kwa bahati nzuri jirani akatuelekeza kwa mzee mmoja fundi ambaye maisha yake yote amekarabati nyumba za zamani za kule milimani. Alikuja, nikamwamkia, akaitikia, lakini ukuta hakuutazama kwanza. Alizunguka nyumba akiangalia juu kwenye bati, halafu chini, halafu mteremkoni. Nikamuuliza ni rangi gani nzuri.

"Rangi yenu haina kosa, mwanangu," akasema. "Niambie haya maji yanatoka wapi."

Tukayafuata maji. Gata la nyuma lilikuwa limejaa majani ya mfenesi mpaka limepinda, kwa hiyo mvua yote ya paa lile ilimwagika ukutani pa chumba cha mama. Pembeni mwa nyumba udongo wa mteremko ulikuwa umeporomoka kidogo kidogo kwa miaka mingi hadi ukapanda juu ya msingi, ukagusa lipu. Mbele, mama alikuwa na bustani yake ya maua iliyojengewa matofali na kuegemea ukuta, anaimwagilia hata siku za jua. Kuni zilipangwa ukutani upande wa jikoni. Na pale ambapo hakukuwa na gata kabisa, matone ya paa yalipiga ardhi nyekundu na kurusha tope ukutani mpaka usawa wa goti. Mzee akanionyesha alama ya lile tope kwa fimbo. Akasema chini ya alama ile hakuna rangi itakayoshika mpaka matone yasimame.

Mzee huyo alinieleza pia kuhusu nyumba za zamani za Amani, maana Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902 na nyumba za enzi hizo bado zipo. Nyingi zina baraza na paa lililotokeza mbele, mvua haifiki ukutani kirahisi. Nyumba zetu za sasa tunabana mabati, upenu unatokeza shubiri mbili tu, na kazi yote ya kuzuia mvua tunaiachia rangi. Kama bado unajenga, tafadhali ongeza upenu. Bati mbili tatu za ziada zinagharimu pungufu ya rangi utakayorudia kila baada ya miaka miwili.

Basi kipupwe chote kilichobaki hatukugusa brashi. Tulifunga gata jipya lenye mteremko wa kutosha, tukachimba udongo kando ya msingi mpaka ukawa chini ya lipu kwa shubiri nzima, tukapitisha mfereji wa kuyapeleka maji kwenye migomba, tukamwaga kokoto upana wa hatua moja kuzunguka nyumba ili matone yasirushe tope. Kokoto ndizo nilizozidharau mwanzoni na ndizo zilizoleta mabadiliko ya haraka kuliko yote. Kuni zilihamishiwa kwenye banda lake.

Maua na mfenesi vilikuwa na mjadala wake. Mama alisema maua aliyapanda na baba, hayatoki. Hatukumlazimisha, tulimjengea kitalu kingine upande wa njia, tukahamisha miche mmoja mmoja yeye mwenyewe akisimamia. Mfenesi alikataa katakata usikatwe, na alikuwa na haki, kwa sababu mizizi yake inashikilia ule mteremko. Tulipunguza tu matawi yaliyolalia paa, ili upepo na jua la saa za asubuhi vifike ukutani. Kama nyumba yenu inapakana na hifadhi, ulizeni serikali ya kijiji kabla ya kushika panga. Miti ya mpakani si yote ya kwenu.

Ndani tulifungua matundu ya hewa. Mama alikuwa ameyaziba kwa maboksi kwa sababu ya baridi, na kila mwenye wazee kule anajua wanavyofanya hivyo. Tukamletea blanketi zito, tukaweka wavu wa mbu kwenye matundu, tukasogeza kabati likae mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Nguo mbichi zikapata kamba barazani badala ya chumbani.

Kukwangua rangi ya mafuta ni kazi ngumu. Tulitumia skrepa na brashi ya waya, na pale palipohitaji msasa mzee alitaka ukuta ulowanishwe kwanza. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake likiingia kifuani au mdomoni mwa mtoto ni sumu. Mama na wajukuu walihamia kwa shangazi muda wote wa kazi hiyo, na mabaki yote tulitandikia turubai, tukayakusanya, hatukuyachoma.

Kuvu na kijani cha nje tulikiosha kwa jiki: sehemu moja ya jiki kwa sehemu tatu za maji, unapaka, unaacha robo saa hivi, unasugua kwa brashi ngumu, unasuuza kwa maji mengi. Vaa glovu, funika macho, fungua madirisha, na kamwe usiichanganye na dawa ya kusafishia choo au kitu chenye amonia, maana hewa inayotoka hapo inaweza kuua. Ziba bomba la gata linaloingia kwenye simtanki kabla hujaanza. Ukipaka rangi juu ya kuvu bila kuiua kwanza, itapenya rangi mpya mapema sana, hata kama umenunua rangi ya bei mbaya kuliko zote dukani.

Halafu tukangoja. Hii ndiyo sehemu iliyonichosha moyo. Nyumba imekwanguliwa, ina mabaka, vuli inanyesha, na kila anayepita anauliza kama hela imeisha. Shangazi mmoja alinipigia simu kuniambia ninamwaibisha mama. Mzee hakutikisika. Alichonifundisha ni kipimo cha nailoni: unachukua kipande cha nailoni angavu, kama futi moja kila upande, unakibandika ukutani kwa selotepu pande zote nne kisipitishe hewa, unakiacha usiku na mchana. Desemba tulipobandua, upande wa ndani ulikuwa na matone madogo madogo, na lipu pale imekolea rangi. Ukuta ulikuwa bado unatoa maji. Katikati ya Januari vipande vya mbele vilitoka vikavu kabisa. Vya nyuma vilichelewa mpaka Februari imeanza. Lipu mpya tuliyoziba nayo sehemu zilizomomonyoka tuliipa zaidi ya mwezi, kwa sababu saruji mbichi, mbali na maji, ina ukali unaoharibu rangi.

Chumba cha mama tulikipiga chokaa. Kaka zangu waliona ni kurudi nyuma, lakini mimi nasimama na chokaa kwa chumba cha namna ile. Inaruhusu ukuta kupumua, na ukali wake kuvu haiupendi. Tanga chokaa si ya kutafuta. Tuliloweka chokaa iliyozimwa usiku kucha, tukaichuja kwa kitambaa, tukaipunguza mpaka ikawa nyepesi kama maziwa. Ukuta lazima uwe lipu tupu, maana juu ya rangi ya mafuta haishiki, na unaulowanisha kidogo kwa brashi kabla ya kupaka. Mkono wa kwanza unakatisha tamaa, kwani ikiwa mbichi haionekani kabisa na unadhani umepaka maji. Inapokauka ndipo weupe unapotokea, taratibu, ukutani mwote. Tulipaka mikono mitatu myembamba, kila mmoja siku yake. Ukiipaka nzito itapasuka na kuachia unga kwenye nguo. Kuna wanaotia chumvi ili ishike. Mzee alikataa, kwa sababu chumvi huvuta unyevu, na unyevu ndio tuliokuwa tukiukimbia. Linda macho, chokaa inaunguza.

Nje tulitumia rangi ya maji ya nje, ile yenye dawa ya kuzuia kuvu, daraja la kati na si la bei ya juu kabisa. Mkono wa kwanza ulipunguzwa maji kidogo kufuata maelezo ya kopo ili unyonywe na lipu, kisha mikono miwili. Sehemu ya chini, mkanda unaorukiwa na tope, tulipaka rangi ile ile ya maji lakini ya kahawia ya udongo. Hakuna mafuta.

Saa za kazi ni muhimu kuliko nilivyodhani. Asubuhi ukuta wa Amani una umande hata kama hujauona. Weka mgongo wa mkono, utausikia ubaridi wake. Hatukuanza kabla ya saa nne, na saa nane mchana brashi zilikuwa zinaoshwa, kwa sababu alasiri ukungu unateremka kutoka msituni na rangi mbichi inahitaji saa kadhaa kabla ya kukutana nao. Kopo linasema mkono wa pili baada ya saa chache. Hayo ni maelezo ya mahali pakavu. Sisi tulingoja mpaka kesho yake. Tulipaka pia kwa kufuata jua, ukuta ambao jua limeshaukausha lakini halijaanza kuuchoma.

Mvua ilitukuta mara moja jioni. Asubuhi yake ukutani kulikuwa na michirizi ya kahawia, inanata ukigusa, na mimi nikajua kazi imeharibika. Kumbe ni vitu fulani vya ndani ya rangi ya maji ambavyo hutoka nje ikipata unyevu kabla haijakomaa. Tuliosha kwa maji safi na kitambaa, vikatoka. Usikimbilie kukwangua wala kupaka juu yake.

Mbao za fishabodi, zile za ukingo wa paa, na za madirisha zilipata rangi ya mafuta, huko ndiko mahali pake, ila zikiwa kavu. Paka na vichwa vya mbao pale zilipokatwa na ukingo wa chini wa dirisha, maana hapo ndipo maji huingilia na mafundi wengi wanaparuka kwa kuwa hapaonekani. Bati la paa tulisugua kutu, tukapaka prima ya kuzuia kutu, tukabadilisha misumari iliyolegea. Kama mzee wako anakinga maji ya paa kwa kunywa, hakikisha rangi ya bati haina risasi, na mvua za mwanzo baada ya kupaka ziache zimwagike, usikinge.

Hesabu: safari hii ilikula kama milioni moja na laki saba, na katika hizo rangi na chokaa hazikuzidi laki tano. Zilizobaki ni gata, mfereji, kokoto, kukwangua na ujira. Ukimwambia mtu hivyo anashangaa kwamba hela nyingi imekwenda mahali pasipoonekana.

Masika mbili zimepita. Mbele kumebaki safi. Ukuta wa nyuma, unaotazama mteremko, unaanza ukijani kila masika yanapoisha, na sitawadanganya kwamba kuna rangi ya kuuzuia huko. Tunauosha kila Januari, pamoja na kusafisha gata, na rangi chini yake ni nzima. Malengelenge hayajarudi. Mama hajaacha dawa zake za pumu, ila analala usiku, na safari za hospitali zimepungua.

Kwa wanaojiandaa sasa: mafundi wazuri wa kule Januari wote wameshikwa, kwa hiyo zungumza nao Novemba. Rangi nunua Muheza mapema, kabla barabara ya kupandia haijaharibiwa na vuli, angalia tarehe kwenye ndoo, na ukifika nayo usiiweke sakafuni penye unyevu. Pandisha juu ya mbao. Chukua na nailoni mita mbili na selotepu.